Mbao kumi na mbili za duka la Mama Zaina, Lushoto mjini

Tak.

Kimya kidogo. Tak, tak.

Wakuu, salaam kwenu. Naanza na sauti hiyo kwa sababu niliisikia kabla sijaona chochote. Ilikuwa Julai, asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye lami, na mtaa wa maduka ya zamani hapa Lushoto mjini siuoni. Nausikia tu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na mengine yananiaibisha, kwa hiyo sina faida ya kuwadanganya.

Mimi ni mzaliwa wa Kwai. Naandika riwaya. Ya kwanza haijaisha, msiniulize itatoka lini.

Nikaifuata ile sauti. Ukungu ukaachia, nikaona duka: bati la kutu, kuta nene za mawe, baraza pana, na mbele hakuna mlango. Kuna mbao kumi na mbili za mvule, zimesimama bega kwa bega kwenye mifereji iliyochongwa juu na chini ya fremu. Kila ubao una mikato ya kisu inayoonyesha nafasi yake. Asubuhi zinatolewa mmoja mmoja, jioni zinarudishwa. Ukikosea mpangilio, unaanza upya.

Mama mmoja alikuwa anazigonga kwa jiwe. Huyo ni Mama Zaina, anauza vitambaa na kushona. Nikampa shikamoo, akaitika, nikapiga picha, nikaenda zangu.

Siku hiyohiyo nikaandika posti. Nikasema Lushoto inaamshwa na mapigo kumi na mawili, kwamba ule ndio moyo wa mji, na atakayezing'oa mbao zile atakuwa ameuzima. (Sentensi hiyo niliipenda. Hata sasa, kidogo.)

Watu wakashea mpaka nikajiona mtu.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, nikarudi pale, nikitegemea hata kikombe cha chai.

"Mwandishi ndiye wewe?" Mama Zaina akauliza.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

Hakuitika.

Wakuu mliokulia milimani mnajua. Shikamoo isiyoitikiwa ni kofi.

"Mbao umeziandika vizuri sana," akasema. "Sasa njoo uzibebe."

Fundi Athumani, seremala wa baraza ya jirani, alicheka mpaka akaweka randa chini. "Kalamu ni nyepesi, siyo? Sita zimeshatoka. Anza na ule wa saba, ndugu yangu. Ndio mkorofi wao."

Nikaushika. Umevimba kwa unyevu wa ukungu, hausogei. Nikavuta, nikasukuma kwa bega, jasho likanitoka kwenye baridi ile. Fundi akanipa jiwe. Nikagonga.

Tak.

Sauti ileile niliyoiita moyo wa mji.

Ndipo nikaambiwa. Bega la kulia la Mama Zaina halipandi tena, na hospitali walishamkataza kunyanyua kizito. Siku ile kwenye ukungu alikuwa anagonga kwa mkono wa kushoto. Miaka mitatu alimwomba mwenye nyumba, anayeishi Tanga, amwekee mlango mmoja wa bawaba. Mwishowe akakubali. Fundi Athumani akaja, akapima. Halafu posti yangu ikamfikia mwenye nyumba, akasimamisha kila kitu.

"Nikishindwa kufungua, nitarudi shamba," Mama Zaina akasema. "Na jembe nalo linataka bega."

Nikaomba namba ya mwenye nyumba, nikampigia palepale.

"Kijana, watu wananipigia mpaka toka Dodoma wananipongeza. Leo niwaambie nini?"

"Waambie niliandika bila kumuuliza anayezibeba."

"Aa, hapana. Andika mwenyewe. Palepale ulipoandika mwanzo."

Nikaandika. Walionisifu ndio walionitukana: msaliti, umenunuliwa. Sikufuta hata komenti moja.

Mwenye nyumba akaruhusu, kwa sharti kwamba zitumike mbao zilezile. Fundi Athumani akapigilia sita zikawa ukuta. Sita nyingine akaziunganisha, akazipunguza kingo kwa randa, zikawa mlango. Mikato ya kisu bado inaonekana.

Majengo ya zamani bado nayapenda, wakuu. Na ile sauti nimeikosa, siwafichi. Ila siku hizi, kabla sijasifu nyumba, namtafuta kwanza anayeifungua asubuhi.

Kwenu je? Kuna jengo gani la zamani mnalolipenda, na ni nani anaumia ili ninyi mlione zuri? Andikeni, nitasoma hata matusi.

Jioni ya kwanza ya mlango mpya nilikuwepo. Mama Zaina alikuwa anatoka, kitenge begani, funguo mkononi.

"Shikamoo, mama."

Akaniangalia.

"Marahaba, mwanangu. Na ile ya siku ile pia."

Akauvuta mlango nyuma yake kwa mkono wa kushoto. Tak. Mara moja tu.