Kumtafutia Lulu Shule, Sombetini hadi Akheri

Safari hii aliianzisha mama mkwe. Alipiga simu akasema mjukuu wake Lulu, mwenye miaka mitano, asianze darasa la awali huku mjini Sombetini kwenye vumbi na honi. Apelekwe kwake kijijini Akheri, awe anarudi kwetu likizo. Mke wangu akaona wazo si baya. Mimi liliniuma, maana Lulu ndiye mtoto wetu pekee. Lakini ukisema hivyo watu watakucheka, kwa hiyo nikatangaza, kwa sauti ya mkaguzi, kwamba kwanza nitazilinganisha shule.

Asubuhi mimi na Lulu tulianza na ya mtaani kwetu. Watoto walijaa hadi mlangoni, nusu kwenye madawati, nusu kwenye mkeka. Mwalimu, dada aliyekaukwa na sauti, alionyesha picha ya ng'ombe na darasa zima likapaza sauti: "Mbuzi!"

"Wanamjua ng'ombe," alininong'oneza. "Ila wanapenda mbuzi."

Nilimpenda papo hapo. Vyoo sikuvipenda.

Kutoka hapo, jirani yetu aliyekuwa anafuata ndizi Tengeru alitupa lifti kwenye pikapu yake, kisha bodaboda ikatupandisha mlimani mpaka tope likaishinda. Tulimalizia kwa miguu, viatu vyangu vya ukaguzi nimevishika mkononi.

Akheri nilikwenda kutafuta kasoro. Nikakuta darasa lenye nafasi, visoda na magunzi ya kuhesabia, na vyoo visafi mpaka nikakasirika. Mwalimu Anaeli, mama mchangamfu, alimtazama Lulu, akanitazama na mimi.

"Huyu ndiye Lulu? Vizuri. Leo zamu ya uji ni ya nyumba yenu."

"Mwalimu, mbona hata hajaandikishwa?"

"Bibi yake alishamwandikisha. Yeye kachelewa, ng'ombe wake anazaa. Mwiko ule pale."

Basi nikapika. Unga niliumwaga mkavu kwenye maji yanayochemka, ukagoma, ukawa mabonge. Nikiwa katika vita hiyo, suruali nimeikunja, mama mkwe akatokea. Kwao mkwe hukalishwa kitini akaletewa chakula, jikoni hafiki. Alijifunika uso kwa khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jamani, mkwe wangu! Nitawaambia nini kina mama wa kanisani?"

"Waambie uji una mabonge," alijibu Mwalimu Anaeli.

Lulu alimaliza kikombe, akaomba kingine.

Jioni tulirudi nyumbani, mimi nimenyong'onyea. Nilimwambia mke wangu ukweli: Akheri imeshinda kwa kila kitu. Akamgeukia mtoto.

"Wewe umependa shule ipi?"

"Ya bibi."

Nilichuchumaa mbele yake. "Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu baba yupo pale. Anapika uji."

"Baba hatakuwepo," mama yake akamwambia. "Utakaa na bibi."

Lulu alitutazama mmoja mmoja. "Basi siendi."

Mimi nilikuwa nimekagua vyoo na madawati. Lulu alikuwa anaangalia nani yupo. Kesho yake nilimwandikisha Sombetini, nikawaomba wazazi wenzangu tuanzishe zamu ya uji. Kisha, kwa woga, nikampigia mama mkwe. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli, nikajua ameumia.

"Haya, mwanangu," akasema. "Likizo mlete. Ila na wewe ukija, ukae kwenye kiti."