Kisu Hakisalimiwi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya ukungu pale Njombe, enzi za Mwingereza, nilipolazwa juu ya meza ya hospitali ya misheni nikiwa macho kabisa. Nilikuwa kijana wa kupakia magunia ya pareto kwenye malori huko Makambako, na jipu lilikuwa limeota ndani ya paja langu hadi nikawa siwezi kukanyaga. Kifua kilinibana kwa kikohozi, kwa hiyo daktari, Mzungu mpole aliyesema Kiswahili safi kuliko changu, hakuthubutu kunipa dawa ya usingizi. Akanichoma sindano ya ganzi tu.

"Jipu limekaa jirani na mshipa mkubwa wa damu," akaniambia. "Ukishtuka kisu kikiwa ndani, naweza kuukata. Ukisikia maumivu, sema, nitasimama."

Kusema! Sisi wa kijiji cha Kichiwa tumelelewa hivi: mgonjwa akijuliwa hali, hata kama anakata roho, hujibu kwanza "njema", ndipo baadaye, kwa aibu, ataje kidogo kinachomsumbua.

Shangazi yangu, aliyenisindikiza katika lori, aliruhusiwa kukaa kichwani pangu anishike mkono.

Kisu kikaingia. Mwanzoni nilisikia kama mtu anapasua nguo chumba cha pili. Kisha ganzi ikaisha njiani, kisu kikaendelea bila yake. Nikauwaza mshipa ule, nikausikia ukipiga pembeni mwa chuma. Mguu ukaanza kutetemeka wenyewe.

"Habari?" daktari akauliza bila kuinua macho.

"Njema, daktari."

"Hakuna maumivu?"

"Hakuna. Za nyumbani kwako?"

Naye, mtu wa kuamini anachoambiwa, akazidi kuingia ndani.

"Simama, daktari!" Shangazi akapaza sauti. "Mwongo huyu! Ananivunja vidole!"

Kisu kikatolewa. Shangazi akaniinamia. "Wee mtoto, umekuja kutembea hapa? Salamu ni za watu. Kisu hakisalimiwi!"

"Naogopa, shangazi."

"Basi mwambie yeye, si mimi."

Nikamwambia, huku nalia: inauma, na mguu unataka kuruka, siwezi kuuzuia. Daktari hakucheka. Akanichoma ganzi tena, akangoja, akanigusa, akauliza, akangoja tena. Hofu haikuondoka hata kidogo. Kila nilipoguna alisimama, na kila aliposimama niliogopa atakapoanza. Lakini usaha ulitoka, mshipa ukabaki mzima.

Mguu huohuo ndio ulionirudisha shule, baadaye ukanipeleka chuo kikuu, nikajifunza maneno marefu ya kueleza maumivu. Sijaona hata moja lililo bora kuliko "inauma".

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nayaficha yakiwa yameshapasuliwa wazi! Basi, mwanangu, sikiliza. Ukilala mbele ya mwenye kisu, weka adabu zako mlangoni pamoja na viatu. Ogopa, hiyo si aibu, ila ogopa kwa sauti. Anayekutibu haoni maumivu yako. Anaona nyama tu, na nyama haisemi.

Mungu akuepushe na meza ile. Na kama hapana budi, akupe daktari anayejua kusimama, na kichwani pako akuwekee mtu ambaye vidole vyake havidanganyiki.