Jina la Mke wa Zenhom

Zenhom mpiga pasi alilichukia neno maalesh tangu ujana wake. Mtu akikukanyaga mguu, maalesh. Akikumwagia maji machafu kutoka ghorofani, maalesh, haidhuru. Akikuvunjia ahadi, maalesh, na wewe ndiye unayetakiwa utabasamu. Yeye alikaa kwenye kibanda chake mtaa wa Hilmiyya miaka arobaini na nane, akisukuma kwa mguu ile pasi nzito yenye mpini mrefu. Alipounguza shati la mtu alisema, "Nimeliunguza." Basi. Akanunua jingine.

Sasa ana miaka sabini na miwili, mkewe amekufa, na Kairo nzima inamwambia maalesh.

Muuguzi ndiye aliyeanza, mkono wake ukivuta shuka kumfunika marehemu uso. Kisha matangani, chini ya turubai, wanaume wakapita mmoja mmoja kumshika mkono. "Umri wake uliobaki uongezwe kwako, Haji." Ndivyo wanavyosema. Zenhom akajibu inavyojibiwa, "Na uhai wako wewe," na huku ndani anachemka kama birika. Nani aliyeomba aongezwe? Umri ule ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na kazi nao. Ameacha mashati ya watu kikapuni, hayajakunjwa.

Walikuwa hawakujaliwa mtoto. Kilichobaki kumfanyia mkewe ni jiwe. Arobaini ilikuwa Alhamisi, na dada zake marehemu walikuwa waje kutoka Fayyum. Zenhom alitaka walikute kaburi lina jiwe la marumaru lililoandikwa, ijulikane nani amelala pale. Hakutaka kingine.

Gharib mchonga mawe alikuwa na karakana ukingoni mwa makaburi. Nje ana benchi, na benchi halikosi wanaume watatu wanne na glasi zao za chai.

"Kesho, inshallah," Gharib alimwambia.

Siku ya pili, "Kesho, Haji."

"Kesho ipi? Hata jana ulisema kesho."

"Lakini sikukuambia kesho ya nani!" Benchi likacheka. "Maalesh, Haji. Msumeno umeniharibikia."

Zenhom alirudi nyumbani meno yakiuma kwa kuyakaza.

Jumatano asubuhi jiwe likafika. Alifunga kibanda akaenda. Alilikuta limeegemezwa kaburini, jeupe, maandishi meusi. Zenhom hajui kusoma. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye herufi zote, pole pole, na kwa mara ya kwanza tangu msiba kifua kikamlegea. Akamwita Sabir, mlinzi wa makaburi.

"Nisomee."

Sabir akajikohoza. "Hili ni kaburi la marehemu, mke wa Haji Zenhom Abdel-Tawwab. Mungu ampe pepo." Akasimama hapo. "Zuri. Gharib ana mkono."

"Endelea."

"Nimemaliza."

"Jina lake je?"

Sabir akainama tena, akatazama hata ubavuni. "Jina ni lako tu, Haji. La kwake halipo. Kwani aliitwa nani?"

Zenhom alilishika jiwe pande mbili.

"Nipe toroli lako," alisema.

"Jiwe zito hilo, ami! Utavunjika kiuno!"

"Nimesema nipe!"

Wakalipakia. Alilisukuma mwenyewe, vumbi tupu, kilemba kimemlalia sikioni, anatukana njia nzima. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipeta mchele mlangoni alimwona akamwambia, "Maalesh, baba." Zenhom akamjibu, "Maalesh kaizike wewe!" Mwanamke akachukua ungo wake akaingia ndani.

Alipofika karakana aliliacha toroli katikati ya mlango, mtu asipite.

"Gharib! Toka nje!"

Gharib akatoka, mweupe kwa unga wa mawe mpaka kope. Benchi limejaa.

"Umemzika mke wangu mara ya pili," Zenhom alisema. "Nani kafa, mimi? Mbona jina langu ndilo liko kaburini?"

Gharib akalitazama jiwe, akamtazama yeye. "Ma..."

"Ukilitamka hilo neno nakupiga na patasi yako."

Watu wa benchi wakashusha glasi.

Gharib akajipangusa uso. Hakuwa mtu mbaya, ila sasa naye alikasirika. "Haya, Haji. Tuulizane mbele ya hawa. Ulipokuja kuagiza uliniambia nini?"

Zenhom akashika mpini wa toroli.

"Ulisema, 'Nataka jiwe la wa nyumbani.' Nikakuuliza, anaitwa nani? Ukatazama benchi. Ukakohoa. Ukasema, 'Andika mke wa Zenhom, inatosha, watajua.' Nimesema uongo?"

Hakusema uongo. Zenhom alikumbuka hata kikohozi chenyewe, cha bandia. Hapo Hilmiyya jina la mke wa mtu halitajwi mbele ya wanaume. Watoto wakijua jina la mama wa mwenzao humzomea nalo mpaka alie. Kwa hiyo mke ni wa nyumbani. Ni watu wangu. Ni Hajjat. Na wakiwa wawili, mlango umefungwa, hakuna wa kumwonea haya, Zenhom alimwitaje? "Sikiliza." "Wewe." "Uko wapi?" Miaka arobaini na mitatu ya wewe. Alijaribu kukumbuka siku moja aliyomwita kwa jina lake akageuka. Siku ya ndoa sheikh ndiye aliyelitaja. Hospitali alilitaja muuguzi, kwa kulisoma kwenye karatasi.

Hasira haikumtoka. Iligeuka tu ikamrudia, na ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu huyu hakuweza kumpiga.

"Wa nyumbani," alisema, na sauti ikakwaruza. "Wa nyumbani! Kwani alikuwa kabati?"

Hakuna aliyecheka.

Gharib alipoa. Akalipigapiga jiwe. "Nyuma ni patupu. Nikiligeuza naweza kuandika upya." Akachukua penseli sikioni. "Haya, sema. Nani?"

"Tafida," Zenhom alisema chini chini.

Mle ndani msaidizi aliwasha msumeno, ukaunguruma. Gharib akasogeza sikio. "Sikusikia, Haji."

"Tafida!" Akageukia benchi, akawakodolea mmoja mmoja. "Tafida binti Mursi! Mke wangu! Aliyekunja mashati yenu na suruali zenu, mkipita mnamsalimia 'wewe mama'! Tafida! Nani ana la kusema?"

Mzee mmoja wa benchi alisimama. "Mungu amrehemu Tafida," alisema.

Zenhom alimtolea macho, kama anayetafuta kosa. Hakuliona. Akageuza uso.

Walisaidiana kuligeuza jiwe. Zenhom hakuondoka, alikaa juu ya kipande cha marumaru, magoti yakigusana na ya fundi, na kila patasi ilipoinuka aliuliza, "Hiyo herufi gani?" Akiambiwa, anaitamka kwa ukali, kama anayemgombeza mtu.

Herufi tano za Kiarabu zikakamilika. Gharib akapuliza unga.

"Chini yake nirudishe 'mke wa Haji Zenhom'?"

"La. Weka baba yake, weka Fayyum kwao."

"Na wewe nisikuweke kabisa?"

"Mimi bado naitwa na watu," Zenhom alisema. "Chonga. Dada zake wanafika asubuhi."