Boliti za Ngozi

Valerian alikuwa dereva mwenye maringo, na maringo yake yote yalikuwa kwenye boliti. Madereva wenzake wa Shinyanga walijivunia honi, au urembo wa kioo cha mbele, au wanawake waliowaahidi ndoa njia nzima mpaka Buseresere. Yeye alijivunia kwamba lori la Hasnain, mfanyabiashara aliyemwajiri, halijawahi kufungwa kwa waya wala kwa nondo iliyokunjwa. Akikuta gari limekwama porini, springi zimebanwa kwa mnyororo, alishuka kusaidia, lakini kwanza alitoa hotuba. Wenzake walimwita Bwana Orijino, na jina hilo halikumuudhi hata kidogo.

Basi Bwana Orijino alikuja kupatikana mwaka mmoja wa njaa, miaka ya tisini. Upande wa Kishapu mvua ilikuwa imegoma, pamba imekaukia shambani, ng'ombe wamebaki mbavu. Yeye na utingo wake, Herman, walikuwa wamepakia mahindi ya msaada kuyapeleka kijiji kimoja mbele ya Mhunze, ng'ambo ya mto wa mchanga. Mto ule haukuwa na daraja. Kiangazi magari yalipita juu ya mchanga wake. Mvua ikinyesha kule juu na maji yakishuka, hapiti mtu kwa majuma. Na asubuhi ile mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya mashariki, watu wakiyatazama kama mgeni wasiyemwamini.

Walikuwa karibu kuufikia mto gari lilipotoa mlio wa kupasuka, likainama upande. Valerian akaingia uvunguni. Boliti zinazobana springi ya nyuma kwenye ekseli zilikuwa zimekatika, na ekseli yenyewe imeanza kusogea. Boliti za akiba zilishatumika safari iliyotangulia, na nyingine Hasnain alikuwa ameziagiza Mwanza. Kubeba magunia kichwani nako kulikuwa ndoto, maana wenye nguvu wote walikuwa wameshakimbilia machimboni Geita. Waliobaki kijijini walikuwa wazee na watoto. Valerian alitoka chini ya gari akakaa vumbini. Maji yakishuka kabla hajavuka, kijiji kizima kingekufa njaa huku chakula chao wanakiona kwa macho, upande wa pili wa maji.

Kaya iliyokuwa jirani na barabara ilikuwa ya mzee Mageni, mtu wa kijiji kilekile aliyeishi upande huu wa mto. Mageni alifika akiwa na fimbo yake. Valerian akamwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akainama kutazama springi. Kisha akaondoka. Aliporudi, nyuma yake alikuja mkewe, Scolastika, na sufuria kubwa kichwani, na nyuma ya Scolastika wajukuu. Ndani ya sufuria kulikuwa na ngozi ya ng'ombe, imekwanguliwa manyoya yote, imelowa mpaka imekuwa laini.

Valerian akaelewa kwamba mzee anataka kuifunga springi kwa ngozi, kama wakulima wafungavyo plau, akachukia.

"Mzee, hili ni lori," alisema. "Siyo plau."

"Plau nayo ina mzigo, ngosha," Mageni akajibu, kwa neno la Kisukuma la kumwita mwanamume, akatoa kisu.

Alianzia ukingoni mwa ngozi akaikata kwa kuizungusha, akizidi kuingia ndani, mpaka ngozi nzima ikawa ukanda mmoja mrefu usio na kiungo. Herman alipandisha gari kwa jeki, wakairudisha ekseli mahali pake. Mageni akauzungusha ukanda kwenye springi na ekseli, mzunguko juu ya mzunguko, huku Herman akiuvuta, miguu yote miwili ameikita chini, na mwisho wakapigilia kabari za mti mgumu. Wajukuu walisogea mpaka karibu kabisa na tairi, macho hayabanduki kwenye ngozi. Valerian aliwafukuza, akidhani wanashangaa gari.

Jua la siku ile na la kesho yake liliimaliza kazi. Ngozi ilikauka, ikajibana, ikanywea mpaka chuma kilichokuwa ndani yake kikalalamika. Valerian aliigonga kwa spana, ikalia kama ekseli yenyewe. Akaigonga tena. Alikaa pale chini peke yake, mtu mzima, akiipapasa. Maishani mwake alikuwa amekaza boliti nyingi sana, lakini hakuwahi kuona kitu kinachojikaza chenyewe.

Waliteremka mtoni mawingu yakiwa meusi juu yao. Mageni na Herman walitembea pembeni ya gurudumu, Scolastika na wajukuu wakifuata nyuma na sufuria yao. Valerian alishika usukani, akisikiliza. Mchanga ulimeza tairi, ukaziachia, ukazimeza tena, magunia yalinesa, springi ililia. Ekseli haikusogea hata kidogo. Lori lilipopanda ukingo wa pili, watu waliokuwa wanasubiri hawakushangilia. Waliweka mikono kifuani.

Mvua ilianza wakati wa kupakua. Watu waligombania magunia na matone kwa pamoja, wanacheka, wanalia, na huko bondeni maji yalishuka kwa kishindo yakaifuta njia waliyopitia. Hapo ndipo Valerian alipokumbuka kwamba ngozi ikilowa hulegea. Gunia la mwisho lilipotua chini, lori liliinama taratibu upande wake mbovu, likatulia.

Alipokwenda kutazama, alimkuta Scolastika amechuchumaa uvunguni, anaufungua ukanda uliolainika na kuukunja kwenye sufuria yake.

"Mayu, mama yangu, mnataka kutengeneza kamba?" alimuuliza.

"Hapana. Ni ya kuchemsha," alisema Scolastika. "Ilikuwa inalowekwa, chakula cha watoto. Mlipoharibikiwa ndipo mzee akaja kuichukua."

Valerian aliwakumbuka wale watoto karibu na tairi, na alivyowafukuza.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungekubali kuifunga?"

Valerian akashika ncha ya pili ya ukanda, akamsaidia kuukunja.

Jioni ile, kwenye nyumba ya ndugu yao upande ule, ugali wa kwanza uliiva. Scolastika aliuweka mbele ya Valerian, maana mgeni ndiye huanza. Valerian akausukuma upande wa wajukuu. Scolastika akaurudisha pale pale.

"Kula, baba," alisema. "Usitutie aibu."

Valerian akamega tonge, machozi yanamtiririka mbele ya watu, wala hakuyafuta. Watoto walimtazama mkono, wakamtazama mdomo, wakasubiri mpaka amemeza. Ndipo nao wakanawa.