Namba 5 wa kipindi cha pili hakuwa yule niliyemwandikia ripoti

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Naweka yaliyotokea tu, na penye kosa langu nitasema ni langu. Majina nimebadilisha, timu siitaji.

Mimi nina cheti cha michezo, ngazi ya chini kabisa. Tulisoma sheria za mpira, huduma ya kwanza, basi. Performance analysis, yaani kuchambua uchezaji kwa video na takwimu, ilikuwa mada ya wiki moja. Mwalimu akasema "hii ni ya Ulaya", tukafunga madaftari.

Ila mimi ikanikaa kichwani. Nikajifunza kwa video za mtandaoni, nikaazima laptop ya shemeji, nikaanza kurekodi mechi za hapa Kibaha kwa simu. Narudi nyumbani nahesabu: huyu kapoteza mipira mingapi, wapi, kwa mguu gani. Mtaani wakaniita Kompyuta.

Sijui kama nilikuwa mzuri. Nilikuwa peke yangu, labda ndiyo maana nilionekana mzuri.

Mwaka jana timu moja ya ligi ya mkoa ikanichukua. Kocha mkuu aliniambia, "Dogo, macho yangu mimi yana upendeleo. Kamera haina ndugu."

Nilitembea na hayo maneno wiki nzima.

Wakati wa usajili tukaenda Kisarawe, mechi ya majaribio. Nafasi ya beki wa kati ilikuwa moja, wanaoigombea wawili. Shabani, kijana wa Maneromango, na Dulla wa hapa hapa Kibaha.

Siku hiyo kocha alipata msiba Magindu, timu akamwachia msaidizi. Mimi akanipigia: "Sitakuwepo. Nategemea ripoti yako."

Nikapanda juu ya paa la choo cha uwanja, upande wa pili, mbali na mabenchi. Mapumziko nikashuka kwenda kuchaji simu duka la jirani. Narudi, mpira umeshaanza.

Nyumbani nikaihesabu mechi yote kwa namba za mgongoni. Shabani alivaa 5. Kipindi cha kwanza alikuwa safi kabisa. Cha pili majanga, magoli yote mawili yalipita kwake. Nikaandika: "Namba 5 akichoka anang'ang'ania mguu wa kushoto. Ajirekebishe."

Nilijiona mtaalamu kwa sentensi ile.

Dulla sikumwona, nikaandika hakucheza.

Kwenye kikao cha kamati ya timu msaidizi hakuitwa, na mimi sikumwuliza kitu. Mwenyekiti akainua karatasi yangu. "Kompyuta kashasema. Dulla tunamjua siku zote, huyu mwingine ndiyo tumeshamwona. Sajili Dulla."

Shabani akapewa nakala ya sehemu yake ya ripoti aondoke nayo, imsaidie. Wazo la kumpa nakala lilikuwa langu.

Dirisha la usajili likafungwa.

Wiki mbili baadaye nikawa natengeneza clips, vipande vya video, za kuombea kazi timu kubwa. Nikamtazama namba 5 polepole. Kipindi cha kwanza soksi nyeupe. Cha pili soksi nyeusi.

Nikavuta picha karibu na uso.

Dulla.

Wakuu mliocheza ndondo, mechi za mtaani, mnajua. Jezi hazitoshi, anayetoka anavua, anayeingia anavaa. Mimi mwenyewe nimecheza hivyo miaka, nimevaa jezi za watu na jasho lao. Nilipopata laptop nikasahau.

Na Dulla ni wa mguu wa kushoto. Kibaha nzima inajua. Jibu lilikuwa kwenye ripoti yangu mwenyewe.

Nikamwambia kocha.

"Na mimi nilikosea, nilitakiwa nimwulize msaidizi," akasema. "Lakini dirisha limefungwa. Dulla naye tumfukuze kwa kuvaa jezi aliyopewa?"

Dulla kweli hana kosa.

Nikalipeleka kwenye kamati hivyo hivyo. Mwenyekiti akacheka. "Kumbe kompyuta nayo inalewa!" Hawakunifukuza. Waliacha tu kunipigia.

Nikachukua bodaboda mpaka Maneromango. Nikamkuta mama yake uani anamenya mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kompyuta?"

Shabani akarudi kutoka shamba na jembe begani. Nikamwonyesha clip. Akaitazama mara mbili.

"Kwa hiyo siyo mimi."

"Siyo wewe, kaka."

"Mimi kushoto hata pasi ya karibu haifiki," akasema. "Lakini karatasi ilikuwa imeandika. Nikajua labda nikichoka nafanya bila kujijua."

Mama akadakia. "Alikuwa anajifunga kitambaa mguu huo, ati ajikumbushe asiutumie. Wenzake uwanjani wakamcheka, akaacha kwenda."

Shabani akamwambia, "Mama, basi."

Hakunitukana. Bora angenitukana. Aliniletea muhogo wa kuchemsha na chai, nikala, kwa sababu kukataa kungekuwa kosa lingine.

Nilichojifunza ni hiki. Mapumziko, shuka, nenda benchi, uliza nani kavaa nini, andika majina. Na kabla ya kumpa mchezaji karatasi, mwulize kama anajiona humo ndani. Ningemwuliza Shabani swali moja tu, angeniambia "mimi kushoto sina", na yote haya yasingekuwepo.

Timu kubwa sijawatumia clips mpaka leo. Sijui kama ni dhamira au ni woga tu.

Wachambuzi, wachezaji, mliokatwa kwa ripoti ya mtu, semeni hapa chini, hata kama ni kunisema mimi. Nitasoma zote.

Na kama kuna timu inatafuta beki wa kati, nifuateni PM. Shabani mwenyewe anasema ameacha mpira, na sijui kama ninayo haki ya kumsemea.

Ila ni wa mguu wa kulia. Hilo sasa nimemwuliza mwenyewe.