Neno Nililolilainisha Kwenye Barua ya Mzee Yunus

Siku moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu, ni ile niliyokaa mbele ya mashine ya kuchapa kule mtaa wa Deira, katika mji huu huu wa Waarabu, nina miaka ishirini na miwili, najiona najua kila kitu. Nakusimulia leo kwa sababu ya maneno yako ya jana tukila na kutazama habari za vita hivi: "Shangazi, wale hawajavamia. Wamejihami tu, sheria ya kimataifa inaruhusu." Hamu ya chakula ikaniishia. Safari za ndege hazieleweki, simu zinalia tahadhari, mlango ukibamizwa hapa ghorofani moyo unanilipuka, na wewe unanitolea hukumu huku unatafuna!

Ofisi yetu ilikuwa ya kuwaandikia watu barua na fomu. Kiarabu nilikisoma chuoni Unguja, Kiingereza shuleni, basi nikajiona nimefika. Siku hiyo akaingia Mzee Yunus, fundi saa, mtu mpole. Kwao ni nchi moja ya Kiarabu ambayo wiki chache nyuma majeshi ya taifa kubwa yaliingia na vifaru. Mkewe, Bi Huda, alibaki kule. Alikuwa na kisukari, anaishi kwa sindano za insulini, na zilizobaki ni za siku nne. Barabara zote zimeshikwa na askari.

Alitaka barua ya Kiingereza kwa shirika la misaada. Akanitajia maneno taratibu kwa Kiarabu, akirudia mahali pamoja: "Jeshi vamizi linaloukalia mji wetu kimabavu." Mimi nikaogopa. Arbab wetu, mwenye ofisi, alishatuonya tusichape siasa, na mimi nilishaiona viza yangu inafutwa. Tena magazeti yenyewe yalikuwa yanaandika vingine. Basi nikachapa "operesheni ya usalama", nikaipamba barua kwa adabu, mzee akatia saini asichoweza kukisoma, tukaituma kwa faksi. Wallahi nilijiona mjanja!

Siku ya nne akarudi, jibu mkononi, ameshasomewa na jirani yake. Shirika lilimwambia kwa upole kwamba, kama ni operesheni ya usalama, aiombe serikali yake. Serikali gani, na mawaziri wote wameshakimbia? Nikasubiri matusi. Akavuta kiti, akakaa.

"Binti," akaniambia, "lile neno sikulisema kwa hasira. Jeshi likiukalia mji wa watu, sheria inalibana: wagonjwa wapate dawa, watu wapate chakula. Ukisema halijaukalia, halina la kujibu. Umemwondolea mke wangu dawa."

Na mimi, mpumbavu, nikajitetea. "Mzee, kwani wenye bunduki wanasoma sheria?"

"Wengine hawasomi. Lakini wanaogopa kuulizwa. Chapa."

Nikachapa upya, neno kwa neno. Safari hii watu wa shirika walimbana kamanda wa jeshi lile kwa neno lile lile, na baada ya siku tano gari la dawa likaruhusiwa kupita. Lilipofika, Bi Huda alikuwa amezikwa jana yake. Sindano zake wakapewa wagonjwa wengine wa mji ule, na Mzee Yunus akaja ofisini kunishukuru. Kunishukuru mimi, jamani! Nilijifungia chooni nikalia mpaka arbab akaja kugonga.

Kwa hiyo, mwanangu, sikudanganyi kwamba sheria inasimamisha vifaru. Vile haikuvisimamisha, na hivi vya leo sijui. Nalala na hofu hiyo na naamka nayo. Lakini usinigeuzie sheria ikawa shuka la kumfunika aliyevamia. Kujihami kupo, sheria inakubali, ila sijapata kumsikia mvamizi asiyelitaja neno hilo. Kabla hujamwitikia, muulize: ni nani aliyekushambulia, na lini? Mbona umeshafika mbali hivi, na mbona huondoki? Na hata akikujibu vizuri, hata kama haki ya kupigana anayo, mgonjwa aliyefungiwa mle ndani ana haki yake, wala haiondoki kwa sababu wakubwa wamegombana.

Uvamizi uuite uvamizi, hata ukifanywa na taifa unalolishabikia, hata kama wenzako wa kazini watanuna. Najua unaogopa kupoteza kazi, na mimi niliogopa vivyo hivyo, sikucheki. Pale usipoweza kusema, nyamaza, khalas, lakini usimbadilishie mtu maneno yake. Mimi nilidhani nimelainisha neno tu, kumbe upande wa pili kulikuwa na mwanamke anahesabu sindano.

Mungu akulinde katika mji huu na kila mji utakaokwenda, akuondolee hofu hii tuliyo nayo sote. Na siku akija mtu kukuomba umwandikie yaliyompata, akupe moyo wa kuyaandika kama alivyoyasema. Amin.