Mchumba wangu aliyetoka London saa tatu akafika Nairobi saa sita

Wakuu, habari za jioni. Hii sijasikia kwa mtu, ilinipata mimi mwenyewe. Chekeni polepole.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa GHC, yaani jiografia, historia na uraia, shule ya msingi huko Malinya. Nyumbani ni Amalemba, kwa wazazi.

Nikapata mchumba, Habil. Alisema anafanya kazi London, amekuja likizo ya Disemba, Januari tunaruka pamoja. Kitu kimoja tu: niache kazi mapema.

Barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaandika. Imebaki kupeleka.

Jumapili moja akaja kwetu rasmi. Suti nzito kwa jua la Kakamega, jasho linatiririka. Mama akachinja ingokho, kuku wa kumheshimu mgeni.

Sasa baba yangu alikuwa dereva wa basi mstaafu. Mtu wa basi haulizi habari ya kazi wala ukoo. Anauliza safari.

"Kijana, kutoka huko mpaka hapa ni masaa ngapi?"

Habil akajifuta mdomo. "Mzee, ndege ni mwendo. Nilitoka London saa tatu asubuhi, saa sita mchana niko Nairobi."

"Saa tatu ya kwao ama ya hapa?"

"Ya kwao, mzee."

Baba akahesabu kwa vidole. "Mimi Kakamega kwenda Nairobi nilikuwanga naendesha masaa nane. Kumbe London iko karibu kuliko Nakuru."

Mama akacheka. Mimi sikucheka.

Wakuu, masaa ya dunia ndiyo nilikuwa nafundisha darasa la saba kila muhula. Disemba, London ikiwa saa tatu asubuhi, Nairobi ni saa sita mchana. Yaani huyu bwana alipaa na kutua dakika ileile.

Nikaenda chumbani, nikapima kwa atlasi na uzi. Kama kilomita elfu sita mia nane. Ndege ya kawaida, masaa manane na zaidi.

Nikarudi mezani. "Habil, huko London ikiwa saa tatu, hapa huwa saa ngapi?"

Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, saa tatu ni saa tatu."

Baba akamwambia mama alete maji mgeni anawe, yaani ziara imekwisha. Mgeni akamaliza paja kwanza, ndipo akanawa.

Barua nikaitia jikoni, kwa moto.

Baada ya wiki, shangazi akatuambia anamjua. Ni mtu wa Mayoni, anapanga foleni ya matrekta ya miwa. Ana bibi na watoto wawili. Ndege yeye huiona ikipita juu.

Kazi yake haina aibu. Aibu ni yangu: watoto wa miaka kumi na tatu nilikuwa nawachapa kwa kukosa hesabu ambayo mimi mwenyewe, nikiwa nimependa, sikuijaribu.

Mabinti, mtu akikuambia ametoka mbali, muulize njia. Anayeijua ataisimulia mpaka achoke.

Haya, nani mwingine aliahidiwa ndege hapa? Msiniache peke yangu na hii aibu.